Mchuzi Ambao Mama Mkwe Alikataa Kuuza

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, tarumbeta la kambi lilipolia, askari wawili walimtoa mume wangu nyumbani kwetu Ifakara. Alikuwa ametoka msituni siku chache kabla, amejisalimisha, akidhani mambo yamekwisha. Kumbe kila mwanamume aliyekunywa maji ya vita, yale ya kuzuia risasi, alitozwa faini ya rupia tatu. Asiyekuwa nazo alifungwa mnyororo shingoni, akingoja msafara wa kwenda pwani. Karani wa kambi alituambia waziwazi, mimi na mama mkwe: "Leteni rupia tatu kabla msafara haujaondoka, mtampata mtu wenu."

Mpunga wetu ulikuwa umechomwa pamoja na ghala. Kuku waliliwa na askari. Tuliachiwa bonde na maji yake.

Mama mkwe alijua kupika mchuzi wa miaka ya njaa. Tuliingia bwawani mpaka mapajani tukang'oa mizizi ya mayungiyungi. Tuliipara, tukaikata, tukaichemsha, na maji ya kwanza tukayamwaga kwa sababu ni machungu. Maji ya pili ndiyo yaliyokuwa mchuzi. Mizizi ikishaiva aliitwanga na kuirudisha chunguni, kisha akatia mlenda wa porini ili uwe mzito. Chumvi tulitengeneza wenyewe. Tulichoma matete makavu, tukajaza majivu kwenye chungu kilichotobolewa chini, tukamimina maji juu. Yaliyodondoka tuliyachemsha hadi yakakauka, ikabaki chumvi ya kijivu, nasi tukaifunga vibonge katika majani ya mgomba. Mchuzi ule haukuwa mtamu, lakini mtu aliyeunywa asubuhi aliweza kutembea mpaka jioni.

Wazo la kuuuza lilikuwa langu. Wapagazi walijaa kwenye kivuko, wana hela mfukoni na hawana chakula. Hela zilikuwa za shaba, mia moja kwa rupia. Nilipiga hesabu kwamba tukiuza kata moja ya mchuzi kwa hela tatu, faini ingepatikana mapema. Mama mkwe alikataa.

"Chumvi ni mali," alisema. "Kilichopikwa kwenye mafiga yangu si mali. Anayekula kwangu ni mgeni wangu."

"Mama, mwanao yuko kwenye mnyororo."

"Najua alipo. Nilimzaa mimi."

Basi tukauza chumvi, kibonge hela mbili, na mchuzi ukagawiwa bure pembeni yake. Kule kwetu hakuna aliyewahi kuuza chakula kilichopikwa, na mgeni aliyelishwa hakuondoka bila kuacha chochote. Lakini wapagazi wale walikuwa watu wa mbali. Walinunua kibonge kimoja wanne, wakanywa mchuzi wanane.

"Shikamoo mama," mmoja alimtania. "Leo sadaka ya marehemu gani?"

"Ya kwako, usiponunua chumvi."

Wakacheka, wakakinga tena vibuyu vyao. Hela ziliongezeka polepole mno.

Asubuhi moja mnyapara wa wapagazi alikuja na wenzake kabla hatujaepua chungu. Chumvi walikuwa nayo tayari. Alinionyesha hela ishirini kiganjani.

"Chungu chote, dada. Twende tumeshiba."

Nilinyoosha mkono. Mama mkwe akaushika na kuushusha, kisha akamwambia yule mtu, "Kaeni mle. Rudisha hela zako." Mnyapara alimtazama kidogo, akazirudisha kwenye kibindo. Hakungoja kuambiwa mara ya pili.

Walikuwa bado wanalamba vibuyu tarumbeta lilipolia kuwaita. Ndipo tulipojua kwamba msafara wa pwani ni wao, na unaondoka asubuhi ile. Tulikimbia kambini na kitambaa tulimofunga hela zetu. Karani alimwaga hela mezani, akazihesabu, akazihesabu tena.

"Zimepungua kumi na mbili."

"Kumi na mbili tu, bwana," nikasema. "Jioni nitaleta."

"Jioni leta. Wao wanaondoka sasa."

Mama mkwe alipiga magoti. Sikuwahi kumwona akimpigia mtu magoti. Karani aliandika kitu kingine.

Mnyororo ulipita mbele yetu, mume wangu akiwa wa tatu kutoka mwisho. Nyuma yake walifuata wapagazi wenye mizigo, wakitembea vizuri, kwa nguvu ya mchuzi wetu. Mama mkwe alimtambua mnyapara, akaniambia kwa sauti ya chini, "Wale wamekula kwetu. Watamwangalia."

Labda walimwangalia. Hakurudi, na hakuna aliyepita bondeni akiwa na habari zake. Mama mkwe alikufa wakati wa masika, bado akiamini kwamba alifanya kilichopasa. Nilimpikia mchuzi ule mpaka mwisho.

Karani hakutudhulumu hata hela moja. Siku ile ile alitusukumia pesa zetu zote, nikazifunga tena kitambaani: rupia mbili na hela themanini na nane.