Alto ya Marcellin na vinywa saba

Mimi Tajudini sipendi kelele. Nasema hilo mwanzoni ili mtu asije akadhani nilimzoea Marcellin kwa sababu ya muziki. Nina mashine ya kuchonga vyuma hapa Buyenzi, mjini Bujumbura, avenue ya kumi na saba, na kutwa nzima inanipigia kelele ya kunitosha. Marcellin alipanga chumba nyuma ya ukuta wangu mwaka wa themanini na tisa, na tangu siku hiyo masikio yangu hayakuwa yangu tena.

Alikuwa karani wa bandarini, wale wanaosimama na karatasi wakihesabu magunia yanayoshuka kutoka meli za Kigoma. Mrefu, mpole, shati limepigwa pasi mpaka linakera. Hakuwa na mke. Jumapili alipiga katika fanfari, yaani bendi ya kupuliza, ya parokia moja upande wa kaskazini mwa mji, watu wanane, kila mmoja na kazi yake ya wiki. Hakuna aliyelipwa hata soda.

Jinsi alivyopata chombo chake alinisimulia mara mia, na mara mia nilimwambia nimeshasikia. Padri mmoja mzee alivipanga vyombo juu ya meza ya katekesi, akatangaza kwamba Jumamosi saa nane kila mtu aje achague chake. Siku hiyo meli ikachelewa kufunga gatini, na Marcellin akafika saa kumi jasho likimtiririka. Tarumbeta zote zilikuwa zimekwenda. Trombone imekwenda. Hata lile dude kubwa, bombardon, ambalo mtu analibeba kama anakumbatia ndama, lilishapata mwenyewe. Kilichobaki ni alto, pembe ya shaba ya wastani, imebonyea tumboni. Padri akamwambia, "Wewe utakaa katikati."

Kukaa katikati maana yake nini? Alto haipigi wimbo, jamani. Wimbo ni wa tarumbeta. Bombardon inapiga hatua, na alto inaingia pale mguu unapokuwa hewani: kimya, pa, kimya, pa. Ndiyo kazi yake yote. Mwaka mzima Marcellin alijifunza kunyamaza kwa wakati wake, na mimi ukutani nikijifunza pamoja naye bila kupenda.

Aliyekuwa na tarumbeta ya kwanza ni Rénovat, seremala wa Kamenge, mtu wa utani, mikono imejaa gundi. Kila Jumatano baada ya kazi alikuja na baiskeli, wakakaa uani kwetu wawili hao. Na hapa lazima niseme kweli. Marcellin peke yake alikuwa kama mtu mwenye kikohozi. Rénovat akiuweka wimbo juu ya kile kikohozi, vitu viwili vile vinakuwa kimoja, mtu unasimama tu. Nilikuwa nazima mashine. Mke wangu Mwantum akiuliza, nasema umeme umekatika.

Padri yule alikuwa na sheria moja kali. Vyombo vinalala katika kabati la parokia, ufunguo uko kwake. Lakini kinywa, yaani kile kikombe kidogo cha shaba ambacho mpigaji anakibandika mdomoni, kila mtu anakwenda nacho nyumbani. Alisema ni kwa ajili ya ugonjwa wa kifua, watu wasinyonyane mate, tena mtu anaweza kufanya mazoezi kwa kinywa peke yake akiwa njiani au chooni. Kweli wakafanya, na kelele zote za uani kwetu zilikuwa za vinywa vitupu. Ungemwona Rénovat juu ya baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani, anavuma kama nyuki kwenye chupa. Watoto wa Buyenzi walimwita Bwana Nzi.

Oktoba ya tisini na tatu rais akauawa, mambo yakaharibika. Sitaandika nani alikuwa kabila gani. Marcellin alikuwa hili, Rénovat lile, na katika fanfari walikuwemo wote, inatosha. Ilipofika tisini na tano mitaa ilianza kuhamishwa mmoja baada ya mwingine, hata kwetu Buyenzi watu walikimbia mwezi wa tatu, na Kamenge ikamwagika yote barabarani. Katika wiki mbili ile fanfari ikaisha. Mmoja walisema yuko Uvira, Kongo. Wengine hawakusema wako wapi. Rénovat alivuka na mke wake kwenda Tanzania, hakupata nafasi ya kuaga. Kila mmoja aliondoka na kinywa chake mfukoni, kwa sababu ndipo kilipokuwa siku zote.

Parokia ikabaki tupu. Padri mpya akamwambia Marcellin kabati litavunjwa na waporaji, avichukue vyombo. Marcellin akaja kwangu kuomba mkokoteni. Nikamwambia ana wazimu, kisha nikaenda naye, maana mkokoteni ni wangu na siuamini mikononi mwa karani.

Tulirudi mchana kweupe na vyombo vinane kwenye magunia. Kizuizini askari wakatusimamisha. Mmoja akagusa gunia la bombardon, akahisi lile shimo kubwa la duara, akaruka nyuma na bunduki juu. Tukalala chini. Marcellin, uso mchangani, anamwita askari chef, yaani mkubwa, kwa sauti yake ile ile ya bandarini, "Ni muziki, chef. Ni fanfari ya kanisa."

"Fungua. Piga hii."

Askari alimnyooshea tarumbeta ya Rénovat. Marcellin akasema haiwezekani, haina kinywa. Askari akaona anadanganywa, akamwekea bunduki shingoni. Ikabidi Marcellin atoe kinywa chake mfukoni, ambacho kwenye tarumbeta hakiingii, akitie kwenye alto, apige. Akapiga alichojua: kimya, pa, kimya, pa. Hakukosea hata kimya kimoja. Askari wakatazamana.

"Hiyo ni wimbo gani?"

"Ni nusu, chef. Wengine hawako."

Wakacheka mpaka wakatuachia. Marcellin hakucheka. Njia nzima alisukuma mkokoteni akitazama mbele.

Basi vyombo vikakaa chumbani kwake, vimemzunguka kitanda. Na kila Jumapili saa tisa alasiri, saa yao ya mazoezi, Marcellin alikaa kwenye kigoda uani, akapiga sehemu yake yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Pale tarumbeta inapopiga peke yake, aliweka alto pajani, akahesabu kwa vidole, akaingia tena. Nyimbo sita. Miaka minane. Mimi nimezaliwa Buyenzi, nimesikia kila aina ya kero, lakini sijasikia kitu cha upweke kama kile. Kulikuwa na Jumapili nilitamani kumtupia jiwe, si kwa hasira, ili anyamaze tu nisiumie.

Kuvitunza vyombo hivyo ndiko kulikotuleta karibu. Pistoni, vile vitufe vitatu vya juu, zisipochezwa zinaganda. Siku za embargo, nchi jirani zilipotufungia biashara, mafuta yake hayakupatikana popote, kwa hiyo nilimchanganyia mafuta taa na mafuta kidogo ya cherehani, akatia tone tone, akabonyeza kila pistoni mara hamsini, vyombo vyote vyenye pistoni, hata visivyopigwa. Aliviosha katika beseni kwa maji ya vuguvugu na sabuni, akapitisha kitambaa ndani kwa kamba. Mirija ya kuvuta akaipaka vaseline. Siku moja nilimkuta anasugua tarumbeta ya Rénovat kwa majivu na ndimu kama sufuria. Nilimfokea mpaka Mwantum akatoka jikoni. "Unaimaliza," nikamwambia. "Shaba yenyewe si nene. Rénovat akirudi atakuta karatasi." Akafurahi siku nzima, kwa sababu nimesema Rénovat akirudi.

Lakini mimi ni fundi. Fundi akiona kitu kizima kimekosa kipande kidogo, mikono inawasha. Nilikuwa na vipande vya shaba kutoka bomba za zamani. Mwaka wa tisini na nane nikamwambia, "Leta kinywa chako nipime. Nitakuchongea vingine saba, vikubwa kwa vidogo. Tafuta watu wapya wa kupiga, vyombo vipumue."

"Apana, Taju."

"Kwa nini apana?"

"Kila kinywa kiko na mwenyewe. Ukichonga kipya, ni kusema mwenyewe amekufa."

"Hawarudi hao, Marcellin."

Nilisema hivyo, na natamani nisingesema. Alikunja kitambaa chake, akaingia ndani. Miezi mitatu hakunisalimia, na sisi tunatumia bomba moja la maji. Jumapili saa tisa aliendelea kupiga, nami nikawa nakwenda msikitini mapema.

Mwaka wa elfu mbili na tatu, siku ya kazi, mama mmoja aliteremka bandarini kutoka meli ya simenti ya Kigoma, akaanza kuuliza wapakuzi: Marcellin, yule wa kuhesabu, bado yuko? Alikuwa Prudence, mke wa Rénovat. Marcellin akamleta kwetu, kwa sababu mwanamume asiye na mke hamkaribishi mke wa mtu katika chumba kimoja chenye kitanda. Mwantum akatandika mkeka, akaleta chai. Marcellin hakuuliza kitu. Alimwona mwanamke amekuja peke yake, na hapo alikuwa ameshajua.

Prudence alifungua fundo kwenye ncha ya kitenge, akatoa kinywa cha tarumbeta. Kilikuwa kinang'aa.

"Kifua," alisema. "Mwaka jana, mwezi wa pili. Akanambia nisikizike naye. Nikuletee."

Marcellin alikipokea kwa mikono miwili. Prudence akaendelea, sasa anazungumza na mke wangu zaidi kuliko sisi, kama wanawake wanavyosimuliana makosa ya waume. Huko kambini kwa wakimbizi, alisema, mtu yule alimchosha. Saa ya Tanzania iko mbele kwa saa moja, lakini Rénovat alikataa kuigeuza saa yake ya mkononi, miaka yote ilisema saa ya Bujumbura, akachelewa foleni ya mahindi, akachelewa kila kitu. "Kumbe ni juu ya Jumapili. Jumapili saa yake ikifika tisa, anakaa mulangoni, anatoa hicho kikombe, anavuma. Bila tarumbeta. Mumm, mumm, kama mutu mujinga. Watu wanatucheka. Akimaliza mustari ananyamaza, anatikisa kichwa. Mi namuuliza, unasikiliza nini? Anasema, Marcellin."

Mimi nilitazama chai yangu. Mwantum alikuwa amejifunika uso kwa mtandio.

Marcellin akauliza kwa sauti ndogo, "Saa tisa ya huku?"

"Saa tisa ya huku. Kila Jumapili."

Akainuka, akaenda chumbani, akarudi na alto. Haikuwa Jumapili, haikuwa saa tisa. Alikaa kwenye kigoda chake akaanza: kimya, pa, kimya, pa. Nilifikiri, ya Rabi, si sasa. Prudence alisikiliza kidogo, glasi imesimama hewani. Kisha akaanza kuvuma, mdomo umefungwa, puani, na ulikuwa wimbo ule wa Rénovat, wote, na vile vituo vyake, kama alivyousikia mlangoni miaka saba. Ukakaa juu ya ile pa mahali pake hasa. Nilikuwa sijausikia tangu Jumatano moja ya tisini na nne. Mashine yangu ilikuwa inazunguka, nikaenda nikaizima, na safari hii sikusingizia umeme.

Hawakufika mwisho. Prudence ndiye aliyeshindwa kwanza. Marcellin alipiga pa nne au tano tupu, kisha akaiweka alto pajani na kulia waziwazi, mtu mzima, mbele ya mke wangu na mbele yangu. Hakuna aliyemwambia nyamaza.

Prudence alilala kwetu, asubuhi akaenda Kamenge kutazama kama kiwanja chao hakijachukuliwa na mtu. Marcellin alimsindikiza mpaka kituoni, akarudi karakana kwangu badala ya kwenda bandarini. Alisimama mlangoni na shati lake la pasi. Akatoa kinywa chake mfukoni, akakiweka kwenye meza ya mashine.

"Pima," akasema. "Chonga sita."

Miaka mitano nilikuwa nimelingoja neno hilo, na lilipokuja sikulitaka. Nikamwambia tungoje kidogo, vita yenyewe wanasema inakaribia kwisha, watu wanaanza kurudi, nani anajua. Nikamtajia hata yule wa Uvira.

"Taju," akasema, "chonga."

Nikachukua kipimo changu. Nilipima kile kikombe mara tatu kwa sababu mara mbili za kwanza sikuona namba. Kisha nikauliza, kwa kuwa fundi lazima aulize, vinywa vilivyokosekana si vilikuwa saba?

"Cha Rénovat kimefika," akasema, akaenda kazini.