Binti Matar na Mazishi ya Mtia Chumvi

Mzee Nassibu alimjua Wahiba tangu akiwapimia watu sukari dukani kwa baba yake, marehemu Matar, jirani na machinjio ya Vingunguti. Ndiyo maana ilimwia vigumu kumwogopa. Baadaye aliweza, tena vizuri.

Kesi yenyewe ilitaka wakili wa kuogopwa. Nassibu na Azan walikuwa wabia tangu ujana wao: walinunua ngozi machinjioni, wakazitia chumvi yadini, wakazipeleka Maskati. Ikafika siku wakagawana kwa amani, Azan achukue biashara ya ng'ambo, Nassibu abaki na yadi. Wakatia saini, wakanywa soda. Miaka ikapita, viwanja vya Vingunguti vikapanda bei hadi watu wakaacha kuziba pua, na hapo Azan akakumbuka kwamba hakuwahi kutia saini kitu chochote. Mwezi ule wote, alisema, alikuwa Maskati. Saini ile ya kughushi. Pasi ya kusafiria ya miaka ile ilikuwa imepotea, kama zinavyopotea pasi za waungwana. Shahidi wa saini alikwishatangulia mbele ya haki. Getini kukapigwa kufuli la kampuni iliyomilikiwa na kampuni nyingine, nayo ikimilikiwa na kampuni ya tatu iliyoko kisiwani, ambako hakuna mtu wa Vingunguti aliyewahi kufika.

Yadi ikienda, Nassibu hana pa kwenda asubuhi. Akafunga safari hadi Kinondoni, ofisini kwa Wahiba.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Mie sikufichi. Nilikuwa nataka wakili mwanaume, mwenye mvi."

"Wapo wengi. Mzee Azan keshamchukua mmoja."

Nassibu akakaa. Kwenye benchi la kusubiria aliwaona wafanyabiashara wawili ambao mjini hawasalimiani, kila mmoja akisoma kwa bidii tangazo la kampuni ya bima ukutani. Wahiba alikuwa ameanza na talaka na ugomvi wa mipaka ya viwanja kule Temeke. Kisha akaangukiwa na kesi ya ngano iliyolowa. Wenye meli walisema imelowa ghalani, wenye ghala wakasema imelowa melini, na katikati kulikuwa na mawakili wa nchi kadhaa ambao hawakuwahi kuinusa. Wahiba aliinusa. Alishinda ghalani na buibui lake hadi akajua harufu ya ngano iliyolowa maji ya bahari na ya iliyovujiwa na bati. Mahakamani mtaalamu wa upande wa pili, aliyeletwa kwa ndege, alimaliza ushahidi wake akikubaliana naye kwa kila jambo, akamshukuru. Tangu hapo hakurudi tena kwenye talaka.

Kwa Nassibu pia alikuja kunusa. Wenye kufuli waliruhusu ukaguzi. Wahiba akakunja mikono ya buibui, akaomba afundishwe kutia ngozi chumvi. Gari lake lilinuka hadi matrafiki walikuwa wakimpungia apite. Akawa anauliza maswali yasiyo na maana: chumvi inatoka wapi, nani alikunja ngozi ya kwanza hapa?

"Mashaka, Mungu amrehemu," Nassibu akasema. "Ndiye aliyetufundisha kazi, mie na Azan. Siku tuliyotia saini ndiyo siku tuliyomzika. Adhuhuri makaburini, alasiri ofisini."

Mkono wa Wahiba ukasimama ndani ya chumvi. "Na Mzee Azan alikuwepo makaburini?"

"Alikuwepo. Lakini itatufaa nini? Mtu aliyekana saini yake, atashindwa kukana mazishi?"

"Huenda," akasema Wahiba, akaendelea kupaka chumvi.

Kesi ikaanza. Kwa upande wa Nassibu, Wahiba alimwita kizimbani Bi Tabu, mjane wa Mashaka. Bi Tabu akaeleza yadi ilivyoanza, mumewe alivyofanya kazi, siku aliyofariki na siku aliyozikwa. Wakili wa Azan, Edgar, mwenye mvi nzuri kweli, akanyanyuka nusu. "Sina swali kwa mama yetu." Nassibu akaona siku yake imepotea kwa hadithi za kale.

Kesho yake akapanda Azan, kanzu imenyooka. Bi Tabu alikuwa amekaa mstari wa mbele na wanawake wenzake wa Vingunguti. Wahiba ndiye aliyewaambia mahakama ni ya watu wote. Akaanza maswali ya dodoso kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya mchele. Hakugusa kampuni ya kisiwani. Hakugusa saini.

"Shahidi, Mzee Mashaka ulimfahamu?"

"Nimfahamu? Yule alikuwa kaka yangu. Mkono wangu huu yeye ndiye aliyeufundisha kazi."

"Mlishibana."

"Mno."

"Unakubali alizikwa siku aliyoitaja mjane wake jana?"

"Tabu hasemi uongo."

"Na mwezi huo wewe ulikuwa Maskati."

"Mwezi mzima."

"Kwa hiyo hukumzika."

Wahiba hakuongeza neno. Nassibu aliwahi kumwona Matar akifanya hivyo dukani: anataja bei, kisha anapanga makopo yake, na mteja anajipigania mwenyewe. Feni ikazunguka. Azan alimtazama jaji, akamtazama Edgar, kisha, kwa bahati mbaya yake, akamtazama Bi Tabu.

"Makubwa haya," akanong'ona mmoja wa wanawake.

"Makubwa gani?" Azan akafoka. "Mie nimsuse Mashaka? Nani kasema? Kaburini, mpaka mwanandani, nilishuka mie mwenyewe, nikampokea kwa mikono yangu hii! Muulizeni Tabu!"

Edgar alinyanyuka kwa haraka hadi joho likanasa kwenye kiti. Jaji alikuwa anaandika. Aliandika polepole, kama mtu aliyepewa chakula kizuri na hataki kiishe.

"Ahsante, ami," akasema Wahiba, ambaye asubuhi nzima alikuwa akimwita shahidi. "Sina swali jingine."

Nassibu aligundua kwamba amesimama, na hakukumbuka kusimama. Miaka ya vikao, mawakili na makampuni, na binti wa Matar ameifungua kesi kwa swali ambalo jirani yeyote angeuliza kibarazani.

Kabla ya saa ya chakula, Edgar aliomba wazungumze nje ya mahakama, na kabla ya alasiri kufuli lilikuwa limeahidiwa kufunguliwa. Azan alimkuta Nassibu kwenye korido.

"Nassibu, nyie mmenifunga kwa maiti."

"Ungesema hukwenda, basi. Neno moja tu."

"Mbele ya Tabu?" Azan akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Una wazimu wewe?"

Akaondoka, kanzu bado imenyooka.

Wahiba akatoka na joho mkononi, ameshavaa kandambili. Nassibu alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, ila akili yake ilikuwa kwingine: alikuwa akihesabu mazishi ambayo yeye mwenyewe hakwenda, na nani anayejua.

"Ami," akauliza Wahiba, "umekula?"

Mzee Nassibu akafikiri kwa makini sana kabla ya kujibu.