Sahani Tatu Kabatini

Sahani ya jirani ikikaa kwako tangu Septemba hadi Desemba, utairudisha kwa uso gani? Hilo ndilo swali lililoninyima usingizi mwaka wangu wa kwanza Dubai. Wenzangu waliohitimu nami walikuwa wanawaza ajira. Mimi ajira nilishapata, nilikuwa karani kwa wakala wa mizigo pale Deira, kwa hivyo nafasi yote ya kuwaza ikabaki ya vyombo.

Cha kwanza kuingia kilikuwa bakuli la chuma. Jirani wa ghorofa ya juu, muuguzi wa kutoka Kerala kule India aliyefanya kazi kliniki moja Oud Metha, aligonga mlango siku ya Onam, sikukuu yao ya mavuno, akaniachia tambi zilizopikwa kwa maziwa na iliki. Hatukuwa tumesalimiana hata mara mbili. Nilikula nimesimama.

Siku chache baadaye ikafika nusu ya Shaaban, wiki mbili kabla ya Ramadhani. Mama mmoja wa Kizanzibari aliyekaa mlango wa pili, na ambaye alikuwa Dubai kabla sijazaliwa, alinichukua hadi kwa binti yake mtaa wa Mirdif nikaone desturi ya huko. Jua lilipokaribia kuzama, watoto walitoka na mifuko ya kitambaa shingoni, wakapita nyumba kwa nyumba wakiimba na kujaziwa peremende na karanga. Mama akanivisha mfuko na mimi. Nilisimama pale, mtu mzima wa kutoka Nyeri, nikijiuliza kama naruhusiwa kupokea, mpaka mtoto mmoja akanionea huruma akanigawia zake.

Ramadhani ilipoingia, Mama aliniletea kaimati kwenye sahani yenye maua ya buluu. Kisha Diwali na Idi zikafuatana mwaka ule, siku mbili tu kati yake. Mke wa mwenye duka la chini, Mgujarati, alipanga taa za mafuta kwenye ngazi na kunipa trei ya vitamu vya maziwa. Siku ya Idi nilikula pilau kwa Mama hadi nikafungua kifungo.

Hakuna aliyenieleza kwamba vyombo hurudi na kitu ndani. Niligundua nilipomwona muuguzi akimrudishia Mama bakuli likiwa limejaa ndizi za kukaanga. Nikarudi ndani, nikafungua kabati, nikaangalia vyombo vyangu vitatu. Vilikuwa safi kabisa, na vitupu.

Niweke nini? Biskuti za dukani zingeonekana za uvivu. Mke wa mwenye duka hakula nyama wala yai. Mama je, ataamini sufuria ambayo mwenzangu wa chumbani, dada wa Kakamega aliyekuwa mlinzi wa hoteli, alikuwa amekaangia soseji za nguruwe? Nikaandika orodha, nikaichana. Wiki zikapita. Nikaanza kutumia ngazi ili nisikutane na mtu kwenye lifti, na hapo ndipo nilipoona kwamba kwa sababu ya vyombo tu nawapoteza watu pekee walionichukulia kama wa kwao.

Mama alinidaka Ijumaa moja Desemba, nikitoka kanisani, maana huko ibada ilikuwa Ijumaa, siku ya mapumziko.

"Mwanangu, mbona siku hizi wapanda ngazi? Lifti imekukosea nini?"

Nikasema nafanya mazoezi.

"Na sahani yangu nayo iko mazoezini?"

Nikamweleza yote, hadi habari ya soseji. Alicheka akajishika ukuta. Akasema Idi Kubwa inakuja siku chache tu baada ya Krismasi yetu, na seti yake ya sahani sita imebaki na tano. Halafu akaacha kucheka.

"Nirudishie hata na chumvi, lakini usinikimbie."

Jioni ile nikaamua: chapati. Kwetu Krismasi bila chapati ni siku ya kawaida tu. Unga, maji, chumvi na mafuta ya mbegu, hakuna wa kukataa. Mwenzangu akauliza.

"Hao Wahindi si ndio walituletea chapati Kenya? Sasa unawarudishia?"

Swali hilo peke yake lingeweza kunimaliza hadi Pasaka. Lakini nilishanunua kikaango kipya, na nikamwapisha kwamba soseji hazitakigusa.

Krismasi iliangukia siku ya kazi. Niliomba ruhusa ya asubuhi, nikakanda unga tangu alfajiri. Ya kwanza iliungua, ya pili ikatoka na pembe tano, mwenzangu akaila haraka akisema anaficha ushahidi. Kufikia saa nne nilikuwa na rundo la kutosha. Nikapanga kwenye bakuli, kwenye trei, na kwenye sahani ya maua ya buluu, nikafunika kwa vitambaa.

Muuguzi alipokea akaonja palepale mlangoni, akauliza nimetia nini hata zikawa laini hivi. Mke wa mwenye duka aliita watoto. Nilipanda tena kwa lifti, nikasimama mbele ya mlango wa Mama, nikaanza kuwaza kama nigonge au nibonyeze kengele.

Nikabonyeza.