Kitambaa Chini ya Kanga

Juma lililopita umeme ulikatika hapa Palma mchana kutwa, na binti yangu amezoea kukausha sare yake ya shule kwa pasi. Alisimama mlangoni, sare inachuruzika maji, akaniambia, "Mama, enerjia imekwenda, kesho nitavaa nini?" Nikacheka. Nikampeleka uani, nikafunga kamba, tukaanza kuanika. Ndipo nilipouona mkono wangu ukifanya jambo ambalo sikuuagiza: ulitandaza kanga kambani, ukaichomeka chupi yangu chini yake isionekane. Binti akaniuliza naificha nani asiione. Uso ukanipata moto, mwenzangu, mwanamke mzima mwenye miaka arobaini na kitu.

Nililelewa na bibi, mama wa mama yangu, katika nyumba ya udongo karibu na ghuba ya Tungue. Hatukuwa na pasi wala umeme, na bado sikumbuki kwenda shule na nguo mbichi. Shuka tulikamua wawili, kila mmoja na ncha yake, tukizungusha kinyume mpaka mikono inauma, naye akinihimiza, "Kamua, jua hatukuliajiri!" Nguo nzito zilitangulia asubuhi, upande unaopata upepo. Za rangi ziligeuzwa ndani nje. Kanzu nyeupe haikusogezwa karibu na mkorosho, maana maji ya bibo yakishaingia kwenye nguo nyeupe hayatoki mpaka nguo inachakaa. Masika, kamba ilihamia jikoni chini ya makuti, juu ya makaa yaliyokwisha moshi, na mtu alikaa pale kugeuza. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi, nikinuka vitunguu na samaki.

Vibanio hatukuvijua. Kamba yetu ilikuwa ya kumbi la nazi, imesokotwa kwa nyuzi mbili nene. Unazipanua kwa vidole, unachomeka ncha ya nguo katikati, zenyewe zinaibana. Upepo uvume utakavyo.

Halafu kulikuwa na vile vitambaa. Nilipovunja ungo, somo wangu, yule mwanamke aliyepewa kazi ya kunifunda, alinikatia vitambaa vya siku zangu kutoka kwenye kanga kuukuu nyekundu. Akanifundisha kuvifua peke yangu na kuvianika chini ya kanga pana, vipate joto la jua tu. Mwanamume akikiona hata kimoja, alisema, umewavua nguo wanawake wote wa nyumba. Niliamini kila neno. Vitambaa vyangu havikukauka sawasawa hata siku moja. Nilivivaa na unyevu wake, vikaniwasha, nami nikaona haya kumwambia mtu.

Mwaka huo mjomba alituletea kamba mpya ya nailoni, ya wavuvi, rangi ya buluu. Tuliisifu sana. Haikuoza, lakini ilikuwa laini na haikupanuka, nguo unaining'iniza tu. Ijumaa moja upepo wa kusi ukavuma. Kwa jirani kulikuwa na wageni wanaume waliokuja kumposa binti yake, wameketi mkekani wanakula. Nikiwa jikoni kwetu niliiona kanga ikiinuka kambani na kuanguka mchangani. Kitambaa kilichokuwa chini yake hakikuanguka. Kilivuka uzio, kikatua pembeni ya sinia la wali.

Mikono ikaondoka kwenye sinia. Kila mtu alijua ni kitu gani, na upande ule wa upepo nyumba ilikuwa moja tu, na msichana ndani yake mmoja. Nilichuchumaa nyuma ya mtungi. Nilijua kuanzia kesho mtaa mzima utanitaja kwa kitambaa kile, mpaka siku ya kuposwa kwangu mwenyewe, kama nitaposwa.

Bibi akatoka. Mgongo ulikuwa umempinda tayari, na meno ya mbele hana. Akapiga hodi, akaingia katikati ya wanaume wale.

"Mnisamehe, baba zangu. Upepo umenichukulia kitu changu."

Mzee mmoja, macho kwenye wali, akauliza, "Chako, bibi?"

"Changu. Kuna mwenzangu hapa anayekidai?"

"Hakuna, bibi. Chukua."

Akainama polepole, akakiokota, akakikunja mbele yao bila haraka, akawaambia, "Kuleni kwa raha," akarudi.

Nilidhani atanipiga. Badala yake alikwenda moja kwa moja kwenye kamba, akakitandaza kitambaa peupe, bila kanga, akafunga fundo. "Sasa ni changu," akasema. "Nitaanika ninapotaka."

Tangu hapo kila mwezi alivianika yeye, juani, mbele ya kila apitaye, navyo vikakauka mpaka vikawa vigumu kama karatasi. Nikaacha kuwashwa. Jirani alimwita juu ya uzio, "Bibi, naona umri umerudi nyuma! Tukutafutie mume?" Naye akajibu, "Tafuta, lakini awe na meno." Wakamcheka mpaka anakwenda kaburini; hata watoto walimwita mwali. Nami nilipita katikati ya kicheko kile na vitabu vyangu vya shule, na hakuna aliyenitazama mara mbili.

Vita vilipofika tulikimbia, kila mtu na njia yake. Jirani nasikia yuko Mtwara, wengine wako Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu huu, wengine hawajulikani walipo. Mimi nimerudi na nimeezeka bati, lakini watu wa mtaa ni wapya. Wananisalimia kwa heshima na hawamjui bibi yangu. Aibu ya kitambaa sijaimaliza, ila inayonilemea zaidi ni nyingine: kwamba bibi alichekwa kwa ajili yangu, na wanaomkumbuka, popote walipo, wanamkumbuka kwa kicheko kile. Ningempata hata mmoja wao, ningemshika mkono nimwambie kilikuwa changu.