Punje ya Kumi

Ghalani walimwita Darubini, maana kwa miaka kumi na tisa hakuna punje mbovu ya kahawa iliyowahi kumponyoka mezani. Siku hizi jina lilimchoma. Macho yalikuwa yameingia ukungu, na aliyejua ni wifi yake tu, jirani yake wa meza.

"Mficha maradhi kilio humfichua," wifi alimwambia.

"Na mropokaji je? Chambua kahawa yako."

Darubini mwenyewe alichambua kwa vidole. Punje iliyotobolewa na wadudu hukwaruza, iliyovunjika huchoma, iliyo tupu ndani haina uzito. Vidole havivai miwani.

Asubuhi hiyo akaingia msimamizi mpya, kijana wa viatu visivyojua vumbi. Wanunuzi wa ng'ambo wamelalamika, akasema. Kila mchambuzi atapewa sinia la kahawa ambamo yeye, msimamizi, amechanganya punje kumi mbovu. Asiyezitoa zote, kazi basi. Nje lori lilinguruma, limeshapakiwa magunia ya kwenda bandarini.

Zamu ya Darubini ikafika. Msimamizi akamsimamia kichwani kama askari jela. Vidole vikatembea. Tatu. Saba. Tisa. Jasho likamtiririka mgongoni. Akalipapasa sinia upya, mara mbili. Laini tupu.

"Bibi, unachambua au unakanda unga?"

"Ukiuona unga, mwanangu, ukande wewe."

Meza nzima ikacheka, isipokuwa wifi. Wifi alikohoa kumpa ishara. Darubini akaelewa: iko hapo hapo, mbele ya pua yake.

Mbele ya pua! Akainama, akanusa. Harufu chachu, nyembamba kama uzi. Akaifuata mpaka pembeni, akachomoa punje moja nzima, akaiweka juu ya zile tisa.

"Hii si yangu," msimamizi akasema. "Yangu ni hii iliyopauka, katikati ya sinia! Simama, Bibi. Huoni."

"Sioni. Lakini ipasue hiyo niliyoitoa."

Msimamizi akaipasua kwa kisu, akarudisha uso nyuma. Uvundo mtupu. Punje moja ya namna hiyo huharibu birika zima.

"Kahawa ya sinia hili umeichota wapi, mwanangu?"

"Kwenye magunia yale ya lori..." Msimamizi alikuwa ameshafika mlangoni, viatu vyake vikitimua vumbi. "Dereva! Zima gari! Shusheni magunia yote!"

Darubini alibaki kitini. Alikuwa ameambiwa asimame, ila aliyemwambia alikuwa nje akipiga kelele. Akavuta sinia jingine, akalishushia pua.