Sungura wa Sikukuu ya Mavuno

Mwezi uliopita nilimpandisha baba milimani, kutoka kwangu Korogwe hadi usharika wake wa zamani juu ya Lushoto. Baba ni mchungaji mstaafu, na wazee wa kanisa walikuwa wamemwomba aje aseme neno kwenye sikukuu ya mavuno. Tangu tuanze zile kona za kutoka Mombo sikutulia. Nafungua kioo, nafunga. Nawasha redio, nazima. Baba akaniuliza kama tumbo linaniuma. Nikamwambia hapana. Kilichokuwa kinanisumbua ni sungura, na ili unielewe inabidi nikurudishe nyuma, nilipokuwa na miaka tisa.

Tuliishi nyumba ya mchungaji, vyumba vitatu, na mvua ikipiga bati hamsikilizani. Ukungu uliingia mpaka jikoni, ukachanganyika na moshi na harufu ya makande ya jana. Usharika ulikuwa na mitaa mitatu, kila mmoja na kanisa lake dogo kwenye kilima chake, na baba aliizungukia kwa miguu, kanzu ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni isipate tope. Mahubiri aliyatunga akikata majani ya ng'ombe. Ukipita njia ya bondeni ulimsikia akiyaambia matete, "Wapendwa katika Bwana," halafu panga, halafu kimya, anatafuta neno. Alipenda muwa kupita kiasi, ila aliona haya kutafuna mbele ya waumini. Alikaa ngazi ya nyuma karibu na banda, viatu amevua, maganda anamtupia ng'ombe. Mimi ndiye niliyemletea beseni la maji ya moto aloweke miguu, na nilitaka aloweke haraka nikacheze. Hata kanisani nilikuwa wa kwanza kuhesabu mbao za dari. Mama alikuwa ananifinya paja kila Jumapili, na bado.

Lakini raha ya baba iliyozidi zote ilikuwa mnada. Kwetu, asiye na hela hutoa alichovuna. Ibada ikiisha watu wanatoka wakiimba, wanapeana mikono mlangoni, wanajipanga duara pale nje, na mzee wa kanisa anavinadi vile vitu kimoja kimoja: kabichi, njegere, mkungu wa ndizi, kuku amefungwa miguu. Bibi jirani yetu, mjane, kila wiki alileta mayai mawili kwenye kikombe. Basi baba atapandisha bei mpaka wote wanyamaze, ayachukue, na Jumatatu ananituma niyarudishe. "Mwambie bibi mayai yamekataa kukaa kwetu." Bibi anacheka, ananipa kiazi cha kuchoma, na Jumapili mayai yako kanisani tena. Sijui kama yalikuwa yaleyale. Mimi nilichojifunza ni kimoja tu: kikiingia mkononi mwa baba, kinarudi kwa mwenyewe.

Nilikuwa na sungura. Wa kijivu, sikio moja limechanika, nilibadilishana na mwenzangu wa shule kwa kalamu na mpira wa matambara. Ukimwekea jani la karoti alilila akikutazama, na moyo wake ulidunda haraka hata amelala. Labda ndiyo sababu tulielewana, wote wawili hatukujua kutulia. Sikukuu ya mavuno ilipokaribia, mwalimu wa shule ya Jumapili akatuambia, "Msilete maboga ya mama zenu. Leteni kitu chenu, kile ambacho mkikitoa mtakisikia."

Nikapiga hesabu zangu. Nikimpeleka sungura, mwalimu atanisifu mbele ya wote. Mzee wa kanisa atamnadi, baba atapandisha bei, na Jumatatu sungura yuko bandani mwake. Sikuona kasoro yoyote. Nilimbeba kwenye kapu nikaingia naye madhabahuni kichwa juu, kanisa zima likaguna kwa mshangao.

Nje, mzee wa kanisa alimwinua ili wote wamwone. Fundi seremala, ambaye mbao zake alizitoa Shume, akataja bei. Nikamtazama baba. Alikuwa amesimama mlangoni na kanzu yake, mikono nyuma. Akanitazama na yeye. Hakufungua mdomo. "Mara ya kwanza," mzee wa kanisa akasema, nami nikamkonyeza baba, nikamkonyeza tena, nikaanza kurukaruka pale nilipo. "Mara ya pili." Baba alikuwa ananitabasamia, na macho yake yamejaa machozi. "Mara ya tatu." Fundi akapokea sungura, akamtia ndani ya koti, akashika njia. Jioni ile kwake walikula nyama.

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Mama akanitazama akasema, "Huyu analia kama aliyeibiwa." Baba akamwambia, "Muache alie. Kutoa kunauma." Akanikatia pingili ya muwa, ile ya chini yenye utamu, akaniweka karibu naye kwenye ngazi. Nikautafuna muwa wake na nikamchukia.

Jumapili iliyofuata nikawa mfano. Baba alisimulia juu ya mtoto aliyetoa kitu pekee alichokuwa nacho, na sauti yake ikatetemeka. Akaenda kusimulia mitaa yote mitatu. Miaka ikapita, akahamishwa, usharika mpya, sungura yuleyule. Wamama wananishika kichwa: "Ndiye huyu?" Ndiye. Nilikuwa nasubiri sehemu ile ifike huku miguu inacheza chini ya benchi, nataka kusimama nipige kelele kwamba ni uongo, halafu nageuka nacheka kwa adabu. Nimesifiwa nusu ya maisha yangu kwa jambo ambalo sikulifanya, na sitaki kukudanganya, kuna siku sifa zile nilizifurahia.

Siku hizi baba anasahau. Mama alipofariki, yeye alikuwa anauliza mama amekwenda wapi. Mimi ananiita jina la shangazi. Ila tulipofika Soni, nikasimamisha gari ninunue mapeasi, akaniambia, "Leo nitawaambia habari ya yule sungura." Nikajua nisiposema pale sitasema tena, na baba ataondoka duniani akinijua kwa jina zuri la uongo.

"Baba," nikasema, "sungura sikumtoa. Nilidhani utamnunua, kama mayai ya bibi. Nilikuwa nakukonyeza."

Alikaa na peasi mkononi bila kuliuma. 

"Na mimi hela nilikuwa nazo," akasema. "Nilikuwa nimeziweka mfukoni kwa ajili yake, tangu nilipokuona unamtia kapuni. Nilitaka kumnunua, mwanangu. Nilipokuona pale mbele na kapu lako nikaona haya. Nikasema mtoto ametoa kwa moyo wote, mimi ni nani nimrudishie."

"Uliona haya," nikasema.

"Kwa hiyo hakuna aliyemtoa," akasema. Nikacheka, nikidhani anatania. Hakuwa anatania.

Usharika umebadilika, utaona mwenyewe ukipita. Sakafu ina vigae, mabenchi yana mito, na sadaka wengi wanatuma kwa simu. Mnada wa siku ile ulikuwa wa kabichi chache na jogoo mmoja. Mzee mmoja mwenye fimbo aliwagusa wajukuu zake baba alipopanda mimbarini. "Sikilizeni sasa," akawaambia. "Anakuja na sungura."

Baba akashika mimbari kwa mikono miwili. Akatazama watu. Akanitafuta mpaka akanipata, benchi la tatu, na mimi, ambaye tangu utoto sijawahi kutulia kanisani, nilikaa bila kutikisa hata kidole.  Akasema, "Mungu awabariki kwa mavuno haya," akashuka polepole, akishikilia ukuta.

Watu walibaki wanatazamana. Wajukuu wakamuuliza yule mzee, "Babu, sungura yuko wapi?" Miaka thelathini nimetamani kile kisa kikome. Pale kilipokoma nilitaka kusimama nikisimulie mwenyewe, chote, kwa sauti ya baba, na mtoto awe mwema kama alivyomfanya yeye. Kwaya ikaanza kuimba. Nikaenda mbele, nikamshika mkono, nikamsaidia kukaa.