Mtaro Uliopinda

Baba tulimzika kibanjani, kama wanavyozikwa watu wa kwetu Kanazi, kule chini kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe. Ubavuni mwake tuliacha nafasi ya mama. Mama ndiye aliyeipima kwa hatua zake, akapanda omuramura pembeni, ule mti wetu wa mpaka.

Mvua za mwaka juzi zilikuja vibaya. Maji yalituama kule chini, mizizi ya migomba ikaoza, kaburi likaanza kutitia. Nikanunua mabomba ya plastiki yenye matundu, ya kufukia ardhini, nikamwita fundi kutoka Muleba. Fundi akavuta kamba ikanyooka hadi bondeni. Ilipita katikati kabisa ya nafasi ya mama.

"Haiwezekani," nilisema. "Zungusha."

"Mzee, maji hayapendi kona. Mteremko utafia hapo."

Nilimjibu kwa ukali kwamba kibanja ni chetu na wafu ni wetu. Mimi nikikasirika sisikii la mtu. Mtaro ukazunguka kaburi na nafasi ya mama kwa heshima zote, tukalaza mabomba, tukafukia kwa kokoto na udongo. Nilijiona mwana wa maana.

Msimu uliofuata tope liliziba ile kona. Maji yote ya kibanja yakaja kusimama juu ya baba. Asubuhi moja nilimkuta mama ameinama na bakuli, anayachota kaburini na kuyamwaga pembeni, huku yamemfika kwenye vifundo vya miguu. Sijawahi kuona aibu kama ile.

"Maawe, mama yangu, acha."

"Baba yako hakupenda baridi," alisema bila kuinuka. "Mrudishe fundi. Apitishe kamba pale pale alipotaka."

"Na wewe je?"

"Mimi mtanitafutia pengine. Waitu, nakusihi, yeye alale pakavu."

Fundi alirudi, wala hakunicheka. Mama aliung'oa omuramura kwa mikono yake kabla jembe halijaugusa.

Sasa maji yanatoka vizuri na kaburi limekauka. Ule mti mama ameupanda upya kule juu, nyuma ya jiko, alikojipimia nafasi nyingine ya peke yake. Mvua ikinyesha namwona amesimama pale akitazama chini kwa baba, nami nashindwa kwenda kusimama naye.